Bati la Kufukuza Kunguru

Kijiko hakuitwa Kijiko kwa sababu ya wembamba, ingawa wembamba alikuwa nao. Aliitwa hivyo kwa sababu chungu chochote kikiiva, kiwe cha nani, yeye alikuwa tayari ndani. Hakuwa mwizi, tuelewane. Mwizi huchukua kitu chako ukiwa umelala. Kijiko alikusubiri uamke, akakusalimia, akakuuliza hali ya watoto, halafu wewe mwenyewe ukampa kwa mikono miwili na kumshukuru kwa kupokea.

Asubuhi moja alikuwa ameegemea uzio wa kiwanja cha ndege, anatafuna karanga na kuwaza kazi. Kuwaza tu, kuifanya ni habari nyingine. Mara eropleni ndogo iliyokuwa imepaa punde ikarudi inakohoa kama mzee mwenye pumu, injini moja inatoa moshi. Ikatua. Abiria wakashuka, kila mmoja akiwa na dini nyingi kuliko aliyopanda nayo.

Wa mwisho kushuka alikuwa Rubani, mwanamke mrefu asiyepaza sauti, kwa sababu hajawahi kuhitaji. Alichungulia kwenye injini, akachomoa unyoya mweusi kwa koleo, akaupeleka mpaka puani kwa Meneja wa kiwanja.

"Kunguru," alisema. "Leo ameingia mmoja. Siku wakiingia wanne, mimi na abiria wangu tutakuja kukusalimia ofisini kwako kupitia paa."

Meneja alikuwa na kitambi kilichomtangulia kufika kila mahali, na tai iliyolala juu yake kama mjusi anayeota jua. "Dada yangu, kunguru si mwajiriwa wangu. Sasa nimwandikie barua ya onyo?"

"Tangu mwaka juzi nakwambia. Fyeka nyasi. Funika taka za jikoni. Ziba lile bomba linalovuja. Na ung'oe huo mtama wako."

Hapo Meneja alishtuka kama aliyetukaniwa ukoo. Maana kando kabisa ya njia ya kurukia ndege, ndani ya uzio wa umma, Meneja alikuwa amepanda mtama wake binafsi. Ardhi bure, ulinzi bure, maji ya bomba bovu bure. Shamba la namna hiyo huling'oi; unalirithisha.

"Mtama wangu hauna kosa," alisema. "Hili ni tatizo la kitaalamu. Nitanunua mashine. Mashine ya kisasa!"

Neno "nitanunua" likitamkwa popote chini ya mbingu, Kijiko hulisikia hata akiwa usingizini. Karanga zilimkwama kooni. Akazimeza, akajifuta mdomo, akaenda nyumbani kuvumbua.

*

Nyumbani kulikuwa na mama yake, fundi cherehani aliyeshonea nusu ya mji. Siku hizi alishona kwa kumbukumbu zaidi kuliko kwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemtanda pande zote mbili, na dunia nzima aliiona kana kwamba iko nyuma ya pazia la bafuni.

"Nitungie uzi, baba," alisema. Kijiko akamtungia. Katika mambo ya halali aliyoyafanya siku ile, hilo lilikuwa la kwanza na la mwisho.

Mama alipotoka kwenda kwa jirani, Kijiko alitwaa bati la biskuti lililokaa juu ya cherehani, akamimina vifungo kwenye soksi. Kimoja kikabaki kimejibanza konani. Hakukiona, nasi tukiache hapo hapo. Akaweka nusu tofali ndani, maana kitu chepesi hakinunuliwi kwa bei nzito. Akalipaka rangi ya kijivu, akalichomekea eriali ya redio mbovu na taa nyekundu ya baiskeli, akafunga kifuniko kwa skrubu nyingi kuliko zilizohitajika. Skrubu humtisha mnunuzi.

"Bati langu la vifungo umeliona?" mama aliuliza jioni, akipapasa meza.

"Panya hao, mama."

"Panya wamebeba bati?"

"Panya wa siku hizi wanashirikiana."

Mama aliacha kupapasa. Kijana mwenye akili angeogopa hapo. Kijiko alikuwa anatafuta koti jeupe.

*

Koti alilipata kwa mwuza nyama, akaligeuza ndani nje ili madoa ya damu yabaki ndani yakisoma sayansi peke yao. Akaingia ofisini kwa Meneja, akaliweka bati mezani kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto mchanga.

"Mkuu, kinaitwa Kifukuzi. Kinatoa sauti ambayo kunguru akiisikia, anakumbuka alikoacha mayai. Anaondoka. Njiwa vilevile. Korongo ndiyo usiseme."

Meneja alitega sikio. "Mbona sisikii kitu?"

"Hasa! Masikio ya binadamu hayaifikii. Ukiisikia, ujue imeharibika."

"Kwa hiyo sasa hivi, ilivyo kimya..."

"Inafanya kazi sana, Mkuu. Unaona kunguru yeyote humu ofisini?"

Meneja aliangalia chini ya meza. Hakukuwa na kunguru. Mtu anayetaka kuamini hahitaji ushahidi mwingi. Anahitaji kiti tu. Meneja akaketi.

"Mtaalamu," alisema akishusha sauti, "bei yako ni nzuri. Ila kwenye karatasi haiwezi kunenepa kidogo?"

"Mkuu, karatasi hainenepi. Karatasi hulishwa."

Wakacheka kicheko kimoja. Wanyang'anyi wakikutana njiani hawaulizani wanakwenda wapi.

Hapo ndipo Rubani alipoingia. Alilitazama bati, kisha koti, kisha viatu vya Kijiko, ambavyo havikuwa vya kisayansi hata kidogo. Akalinyanyua bati, akalitikisa. Ndani kitu kikalia: kochi, kochi.

"Ni nini hicho?"

"Kokoto ya umeme," Kijiko alijibu bila kupepesa.

Rubani akalitikisa tena, taratibu, kama anayesikiliza wimbo anaoujua nusu. Kisha akaliweka chini, akatabasamu. Kijiko hakulipenda tabasamu lile. Lilikuwa na nafasi nyingi ndani yake.

"Sawa. Mimi sina neno," alisema. "Lakini kazini kwetu tuna desturi. Fundi akigusa kitu kinachohusu injini yangu, safari ya kwanza anapanda na mimi. Aliyefunga tairi alipanda. Aliyepima mafuta alipanda. Ijumaa, Mtaalamu, kiti cha nyuma yangu ni chako."

"Mimi? Mimi ni mtu wa maabara, dada. Tumbo langu na anga haviivi chungu kimoja."

"Desturi ni desturi," Meneja alidakia, akijifuta jasho la furaha. "Na malipo ni mkishatua. Ninyi nyote."

*

Kijiko alitoka pale na mpango rahisi: kabla ya Ijumaa asionekane. Tapeli mwenye busara huhesabu milango kabla ya viti. Alirudi nyumbani jioni kuchukua shati la kubadilisha, akamkuta mama anakunja kanga ndani ya begi.

"Unasafiri, mama?"

"Ijumaa, mwanangu! Hospitali ya macho. Yule Rubani ninayemshonea mashati amepita leo, kanipa nafasi kwenye ndege yake. Barabarani mgongo wangu ungefia njiani."

Kijiko alikaa juu ya soksi ya vifungo, ikamchoma. Hakuinuka.

"Mama, ndege ni hatari. Kunguru wanaingia kwenye injini."

"Walikuwa wanaingia. Nasikia wamepata mtaalamu mmoja na mashine yake. Mungu ambariki popote alipo, na mama aliyemzaa ambariki mara mbili."

"Subiri safari nyingine basi."

"Daktari yuko Ijumaa na Jumamosi, anaondoka, mpaka mwakani. Mwakani nitakuwa natunga uzi puani." Akageuza uso kuelekea ilikotoka sauti ya mwanawe, akakosea kidogo, akaliangalia kabati. "Nataka kukuona, baba. Nasikia umekonda."

Angeweza kusema ukweli pale pale. Wazo hilo lilipita kichwani mwake, likakuta hakuna mahali pa kukaa, likaendelea na safari. Akatoka nje, akasimama uani, akatazama juu. Kunguru wawili walikuwa wanapita kuelekea kiwanjani, wanapiga soga kama watu wanaoenda sokoni.

"Mjinga mimi," alisema Kijiko. Kunguru hawakumbishia.

*

Kesho yake, watu wa kiwanja waliona jambo lisilo la kawaida: mtaalamu anayefanya kazi. Kijiko alikaa kwenye uzio mchana kutwa akiwaangalia ndege wa manyoya namna alivyozoea kuwaangalia watu. Nani anakula wapi? Nani anamfuata nani? Maana utapeli wote, ukiuvua koti, ni kujua mtu anapenda kula nini. Kunguru walipenda lundo la taka nyuma ya jiko la abiria. Korongo walisimama kwenye dimbwi la bomba kama wazee wa baraza. Kwenye nyasi ndefu kulikuwa na panzi, na panzi walikuwa na wateja. Na mtama! Mtamani walishuka njiwa na vindege vidogo kwa mawingu, wakila bila haraka, wenye shamba wao.

Kijiko alielewa kila kitu, na kilichomuuma ni kwamba Rubani alikuwa ameshasema yote bure tangu mwaka juzi, wala hakuna aliyemsikiliza. Meneja hakuwa mtu wa kuambiwa kweli. Basi ikabidi aambiwe uongo, na kwa uongo hapakuwa na fundi wa kumzidi Kijiko.

"Mkuu," alisema akiwa ameshika bati, uso umekunjamana. "Mashine inalalamika."

"Inasema nini?"

"Harufu ya zile taka inaziba sauti. Mawimbi yakipita kwenye maganda ya viazi yanateleza."

Mchana ule ule mapipa yakapata vifuniko, na taka zikabebwa na lori.

"Mkuu, lile dimbwi linanywa mawimbi."

Bomba likazibwa. Korongo walikuja, wakatazamana, wakaondoka kwa heshima.

"Mkuu, nyasi zinaikuna eriali."

Zikafyekwa. Na aliyeshika fyekeo la mbele, koti la mwuza nyama likipepea, alikuwa Kijiko mwenyewe, viganja vimetoka malengelenge. Wafyekaji walimshangaa. "Mtaalamu, kumbe na kufyeka mnasomea?" "Mwaka mzima," aliwajibu.

Ukabaki mtama.

"Hapana," alisema Meneja, akasimama mbele ya shamba lake na mikono ameitanua. "Masuke yameanza kukomaa! Mashine yako ijifunze kuvumilia."

Kijiko alisogea karibu, akashusha sauti kama daktari nje ya wodi. "Mkuu, mimi nimekuja kukuonea huruma. Mawimbi yakigonga mtama yanarudi. Yakirudi yanatafuta mwenye mtama. Juzi kichwa hakikukuuma?"

"Kidogo..."

"Na usingizi?"

"Naamka amka."

"Na nywele?"

Meneja alipapasa upara. "Hizi zilianza kutoka kabla ya mashine."

"Mawimbi, Mkuu, hayajui kabla wala baada."

Meneja alisikia nywele zake zilizobaki zikiagana. Lakini mtu bahili huogopa kifo cha mtama kuliko chake. Akatikisa kichwa. Kijiko akacheza turufu ya mwisho.

"Basi. Nilidhani ungetaka picha. Maana mashine hii ikifaulu, wakubwa watauliza: ni nani aliyeibuni? Mimi ni mtu wa kivulini, sina haja ya jina. Lakini mvumbuzi hapigwi picha mbele ya mtama. Watamwita mkulima."

Macho ya Meneja yakawaka. "Kwa hiyo... jina lingekuwa langu?"

"La nani mwingine, Mvumbuzi?"

Alhamisi jioni mtama ulilala chini wote. Meneja aliuvulia kofia, kama mazishini. Kisha akaingia ofisini, Kijiko akisikia kupitia dirisha, akampigia simu mkubwa wake kumweleza, kwa unyenyekevu mkubwa, jinsi wazo la mashine lilivyomjia akiwa anaoga.

*

Ijumaa, jua halijapanda vizuri, Kijiko alikuwa kwenye njia ya kurukia, anakimbia huku na huku, anapiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Kunguru wachache wakaidi waliokuja kuulizia taka zao walimtazama, wakaona huyu mtu hana mzaha, wakaruka wakavuka uzio. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hawa hawakuwa waoga, walikuwa na njaa tu, na jikoni palikuwa pamefungwa.

"Mtaalamu!" Meneja aliita kwa mbali. "Mbona mfuniko? Mashine je?"

"Naipasha moto, Mvumbuzi!"

Abiria wakapanda. Mama alishikwa mkono hadi kiti cha pili, begi mapajani. Kijiko alikaa pembeni yake, nyuma kabisa ya Rubani, na alipofunga mkanda aliufunga kwa fundo juu ya kifungio. Bati lilibaki mezani kwa Meneja, taa yake nyekundu inawaka.

Injini zikanguruma. Eropleni ikaanza kukimbia, na Kijiko akaanza kuahidi. Aliahidi kuacha utapeli. Magurudumu yakashika kasi. Akaahidi kurudisha koti. Akamkumbuka mwenye duka ambaye yeye mwenyewe alimuuzia dawa ya kunenepesha kuku, ambayo ilikuwa majivu, akaahidi kumwomba radhi. Nje ya dirisha nyasi fupi zilipita, pale dimbwi lilipokuwa pakapita, shamba lililolala likapita. Hapakuwa na bawa hata moja. Ardhi ikawaachia.

"Tumeshapaa?" mama aliuliza.

"Tumepaa, mama," Kijiko alisema, sauti imekwenda likizo.

"Ndege hawakuingia?"

"Hakuna hata mmoja."

"Alhamdulillahi." Mama akapangusa magoti yake. Kisha, kwa sauti ile ile ya kuombea uzi: "Na bati langu la vifungo utanirudishia lini?"

Kijiko alitazama mbele. Mabega ya Rubani yalikuwa yanatikisika.

"Nilipolitikisa tu," Rubani alisema bila kugeuka, "nikasema mlio huu naujua. Kila nikienda kupima shati, mama analitikisa bati akitafuta kifungo. Nikatoka pale nikampitia. Nikamwuliza, mama, bati lako liko wapi?"

"Nikamwambia limebebwa na panya," mama alisema. "Panya wa siku hizi, mwanangu, wanashirikiana."

"Mama! Ulijua? Ukapanda hivyo hivyo?"

"Nilijua bati ni la vifungo. Na nilijua nimekuzaa mwongo." Akamtafuta mkono, safari hii hakukosea. "Lakini nikamwambia Rubani: huyu ukimwomba kazi atakimbia, ukimfunga atakata kamba. Acha mimi nimwambie mama yake yumo ndani. Atafyeka kiwanja kizima kwa meno."

"Na mimi nilikuwa napita nyuma yako kila asubuhi kukagua," Rubani aliongeza. "Nisingewasha injini kwa imani ya bati. Umefanya kazi safi. Tangu mwaka juzi ninamwambia Meneja ukweli, akasinzia. Wewe umemdanganya siku chache, akang'oa mtama. Nikasema, mtu huyu siwezi kumwacha apotee."

Kijiko alikaza tena fundo la mkanda wake.

*

Waliporudi, mama alikuwa na bandeji jicho moja, na kwa lile lililopasuliwa kwanza aliona kila kitu, ikiwemo soksi iliyokuwa inachungulia chini ya kitanda. Alimtazama mwanawe kwa muda. "Hukukonda kiasi hicho," alisema.

Kiwanjani, Meneja alikuwa anamsubiri Kijiko akiwa ameshika bisibisi. Huyu naye hakukosa akili: walipokuwa angani aliona afungue mashine aichore, atengeneze nyingine, aviuzie viwanja vyote peke yake. Alifungua skrubu zote. Akakutana na nusu tofali na kifungo cha shati.

"Mtaalamu," alisema, "hii ni nini?"

"Hilo, Mvumbuzi, ndilo lililokujia ukiwa unaoga."

Meneja akamtazama. Simu ya mkubwa ilikuwa imeshapigwa. Wakubwa walikuwa wanakuja Jumatatu kumpiga picha mbuni wa Kifukuzi. Kumpeleka Kijiko polisi kungekuwa kujipeleka mwenyewe, tena kwa gari la kiwanja. Akarudisha tofali na kifungo ndani. Akakaza skrubu moja baada ya nyingine, polepole, kama anayeshona jeraha.

"Malipo yangu?" Kijiko aliuliza, kwa mazoea tu.

"Yako hapa," alijibu Rubani kutoka mlangoni, akamrushia fyekeo. "Ya kila mwisho wa mwezi. Nyasi huota, baba. Na desturi unaijua: nikipaa, unapaa."

Mpaka leo, ukipita karibu na uzio ule asubuhi, utamwona Kijiko anafyeka, koti la mwuza nyama limefungwa kiunoni. Pale uliposimama mtama kuna nguzo, na juu ya nguzo kuna boksi la kijivu ambalo Meneja hulipangusa vumbi kila Jumatatu, wapiga picha wawepo wasiwepo. Mama alilidai bati lake, wakamnunulia jipya. Kifungo kimoja tu hajakipata. Wageni husimama chini ya nguzo, hutega masikio, huuliza mbona hawasikii kitu.

"Hasa," huwajibu Kijiko, akijifuta jasho. Na huinama kuendelea kufyeka.